Boma la Karema na Habari Zake

Leo twataka kusema habari za boma la kale la Karema, lililo ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi wa Mpanda.

Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga kituo pale kwa ajili ya chama kilichoundwa Brussels mwaka 1876 na Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka uo huo tembo wanne wa Bara Hindi walishushwa pwani, ijaribiwe kama wataweza kuchukua mizigo ya safari. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema, naye hakukawia kufa. Mwaka 1885 Wabelgiji waliwaachia Mapadre Weupe boma lile, likawa misioni, na watumwa waliokombolewa wakapata makao.

Hapo ndipo alipofika Adrien Atiman mwaka 1889. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa angali mtoto, akauzwa. Mapadre walimkomboa, na baadaye akasomea utabibu kisiwani Malta. Aliwatibu watu wa Karema hata alipofariki mwaka 1956.

Wako wasemao kwamba jengo la kale likiezekwa na kupakwa chokaa, yatosha. Sisi walimu hatukubali. Ukuta usiosimuliwa ni udongo tu. Tazameni Bujora, karibu na Mwanza: makumbusho ya Wasukuma hayakuachwa kimya. Kila mwaka, katika sikukuu ya Bulabo, Wagika na Wagalu hushindana huko kwa ngoma, na vijana hujifunza mambo ya jadi kwa kuyaona na kuyacheza.

Basi yafaa wanafunzi wetu nao waigize habari za Karema pale pale zilipotendeka: huyu awe mpagazi, huyu mtoto aliyekombolewa, huyu Atiman na dawa zake. Lakini kabla ya kuigiza, wawaendee wazee wa Kibende, wawaulize wamesikia nini kwa babu zao juu ya kuja kwa wageni wale. Maana barua na vitabu vya siku zile viliandikwa na wenye boma, si na wenye nchi. Tukiigiza vitabu peke yake, tutakuwa tumewasahau wenyeji mara ya pili, tena kwa vinywa vya wajukuu wao.

Wazee wangalipo. Waendeeni.