Dini na Kiti cha Enzi katika Unguja ya Sayyid Barghash

Wewe usomaye haya huko Ruiri, chini ya Mlima Kenya, bila shaka umesikia habari za Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru. Mzee huingia humo kwa kuchaguliwa, baada ya mwenendo wake kupimwa. Likumbuke jambo hilo, maana swali la nani astahiliye kutawala, aliyechaguliwa au aliyerithi, liliwagawanya Waislamu tangu karne ya kwanza ya dini yao.

Mwaka 656 Khalifa Uthman aliuawa, na mwaka uliofuata majeshi ya Ali na Muawiya yakapambana Siffin. Ali alipokubali ugomvi uamuliwe na wapatanishi, baadhi ya wafuasi wake walijitenga naye. Katika hao waliojitenga ndimo ilimo asili ya Waibadhi, ambao baadaye walishika njia ya upole zaidi. Kwao, Imamu huchaguliwa kwa elimu na ucha Mungu, wala si kwa nasaba. Naye akidhulumu, yafaa aondolewe. Mafundisho hayo yalistawi Oman, yakavuka bahari hadi Unguja pamoja na ukoo wa Albusaidi.

Tazama sasa shida iliyokuwamo. Ahmad bin Said, aliyeuanzisha utawala wa ukoo huo, alikuwa Imamu. Lakini mjukuu wake, Sayyid Said, alitawala bila cheo hicho. Tena raia zake wengi wa pwani walikuwa Masunni wa madhehebu ya Shafii. Kwa busara akaweka makadhi wa pande zote mbili, kila mtu ahukumiwe kwa madhehebu yake.

Sayyid Said alifariki mwaka 1856, na wanawe wakagombana. Majid alitwaa Unguja. Mwaka 1859 ndugu yake Barghash aliondoka kumpinga, akisaidiwa na Waharthi. Lakini Waingereza walimsaidia Majid, na Barghash akapelekwa Bombay. Majid alipofariki mwaka 1870, Barghash alikalia kiti alichokitamani.

Waliomshangilia sana ni Mutawa, yaani Waibadhi waliotaka sheria ya dini ishikwe kwa ukali. Wenzao wa Oman walikuwa wamemsimamisha Azzan bin Qais kuwa Imamu mwaka 1868. Lakini Azzan aliuawa mwaka 1871, naye Barghash hakuwa Imamu. Alitawala kama Sultani, kama nduguye alivyotawala.

Hata hivyo aliitumikia madhehebu yake. Alileta mtambo wa kupigia chapa, ukatoa vitabu vya Kiibadhi. Na wanavyuoni waliofundisha kinyume hakuwavumilia. Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui wa Mombasa alitiwa gerezani.

Hapa, msomaji, usikimbilie kusema kwamba huo ulikuwa ugomvi wa madhehebu tu. Wamazrui ndio waliotawala Mombasa mpaka Sayyid Said alipowashinda mwaka 1837. Mwanachuoni wa ukoo huo alipokusanya wanafunzi, Sultani aliweza kuona mambo mawili kwa jicho moja: mpinzani wa madhehebu yake, na jamaa ya maadui wa baba yake. Nani awezaye kuitenga hofu moja na nyingine?

Barghash alifariki mwaka 1888, na nduguye Khalifa akamfungua Sheikh Ali. Miaka mitatu baadaye Sheikh akapata mwana, Al-Amin, ambaye alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Gereza lilimfunga mwalimu. Elimu yake halikuiweza.

Basi usomapo habari za wafalme waliowaadhibu watu kwa ajili ya imani, jiulize maswali mawili. La kwanza, waliadhibiwa kwa kuamini nini? La pili, nani alihofia kupoteza kiti chake? Asiyeuliza la pili amesoma nusu ya historia.