Sauti ya Mfasiri Gizani: Lugha katika Maonyesho ya Sinema kutoka Zanzibar hadi Dzaleka

Utangulizi

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ipo katika wilaya ya Dowa nchini Malawi, umbali usiozidi kilomita 50 kutoka Lilongwe. Kabla ya kufunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994, mahali hapo palikuwa gereza ambamo utawala wa Hastings Kamuzu Banda uliwafunga wapinzani wake wa kisiasa. Jina lenyewe, kwa Kichewa, hufasiriwa kuwa kauli ya mfungwa aliyetubu: sitarudia tena. Leo mahali palipotumika kuwanyamazisha watu panakaliwa na wakazi zaidi ya 50,000, wengi wao wakitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda, na lugha inayowakutanisha sokoni na katika ibada ni Kiswahili.

Makala haya yanaiangalia Dzaleka kwa kupitia swali moja la kihistoria: filamu inapoonyeshwa hadharani kwa watu wasioijua lugha yake, ni nani anayewaambia kinachosemwa, na kwa lugha gani? Inahojiwa kwamba katika Afrika Mashariki lugha ya filamu haikuamuliwa na mtengenezaji peke yake. Iliamuliwa pia na mwonyeshaji, mfasiri na watazamaji wenyewe. Historia hiyo ina mafunzo kwa wanaopanga sera za lugha na za wakimbizi.

Gari la sinema la mwaka 1935

Malawi, wakati huo Nyasaland, imo katika historia hii tangu mapema. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, chini ya Leslie Notcutt na Geoffrey Latham, ulitengeneza filamu fupi 35 ukiwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Gari la mradi lilibeba mitambo na kuzunguka Tanganyika, Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland, Kenya na Uganda, likionyesha filamu za kilimo, afya na uwekaji akiba.

Filamu hizo zilikuwa bubu, na maelezo yake yalirekodiwa katika sahani za santuri kwa lugha kadhaa, Kiswahili na Kinyanja zikiwemo. Kwa hiyo picha ileile iliweza kuzungumza Kiswahili Tanga na Kinyanja kusini mwa Ziwa Nyasa. Mahali pengine mkalimani alisimama na kipaza sauti akaeleza kinachoonekana. Waasisi wa mradi waliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika alihitaji picha nyepesi na za mwendo wa taratibu. Dhana hiyo imekwisha kukosolewa vya kutosha. Jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili ni kwamba, katika utendaji, mradi huo ulikiri kuwa picha haijitoshelezi. Mamlaka ya kueleza maana ilibidi yapitie kwa msemaji wa lugha ya mahali.

Majumba ya watu binafsi mijini

Sambamba na sinema ya serikali na misheni kulikuwapo sinema ya biashara. Huko Zanzibar, jumba la Royal lilifunguliwa mwaka 1921 na mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla. Baadaye liliitwa Majestic, likaungua, na kujengwa upya mwaka 1955. Tanga, Moshi na Arusha nazo zilipata majumba yao. Kama alivyoonyesha mwanahistoria Laura Fair katika kitabu chake cha mwaka 2018, majumba haya hayakuwa matawi ya makampuni ya ng'ambo. Yalikuwa mali ya wakazi wa miji hiyo, wengi wao wenye asili ya Bara Hindi, waliojua majirani zao wanapenda nini na wana uwezo wa kulipa kiasi gani.

Wateja walipenda sana filamu za Kihindi. Awara ya mwaka 1951, iliyoigizwa na kuongozwa na Raj Kapoor, ilivuta umati. Filamu hizo hazikuwa na maandishi ya Kiswahili, na wengi wa watazamaji hawakujua Kihindi. Kazi ya tafsiri ilifanywa na ukumbi wenyewe. Aliyekwisha kuiona filamu alirudi na wenzake akawanong'onezea, na onyesho lilipokwisha, hadithi iliendelea barazani na majumbani, ikasimuliwa kwa wasiokuwa na nauli wala kiingilio. Maonyesho maalumu ya wanawake huko Zanzibar yaliwapa akina mama na mabinti nafasi yao ya kufanya hivyo. Kwa namna hiyo, mgogoro wa mapenzi na amri ya wazazi katika filamu ya Bombay uligeuka kuwa mjadala wa Kiswahili kuhusu ndoa za Unguja na Tanga.

Mfumo huo ulibadilishwa na siasa na uchumi. Kampuni ya filamu ya taifa iliundwa Tanzania Bara mwaka 1968 na kukabidhiwa uagizaji wa filamu, na mwaka 1971 sheria ya kutwaa majengo iliyagusa majumba mengi. Kisha zikaja kanda za video, na televisheni ikaanza Bara mwaka 1994. Viti vikabaki vitupu, na majengo mengi yakageuzwa maghala, maduka au kumbi za ibada.

Kibanda na msimulizi

Utazamaji wa pamoja haukufa. Ulihamia kwenye vibanda vya video. Humo mfasiri wa kunong'ona alipanda cheo akawa msimulizi mwenye jina. Nchini Tanzania, Lufufu alijulikana kwa kutia sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni, na Matthias Krings ameichambua kazi hiyo kwa kina. Nchini Kenya, DJ Afro amepata umaarufu kwa kazi ya aina hiyohiyo.

Kwa mizani ya isimu, wanachofanya wasimulizi hawa kinazidi tafsiri. Huwapa wahusika majina mapya, huingiza methali, hufafanua mila za kigeni kwa kuzilinganisha na za nyumbani, na huonya kabla ya hatari kutokea. Huo ni ufundi wa fanani wa fasihi simulizi, ambaye hadithi yake haikamiliki bila hadhira kuitikia. Filamu za Kiswahili za Tanzania zilizoenea baada ya mwaka 2000 zilikuta hadhira iliyokwisha kuzoea kusikia Kiswahili kutoka kwenye kioo, na zilivuka mipaka hadi Burundi na mashariki mwa Kongo, maeneo ambako wengi wa wakazi wa Dzaleka walitoka.

Maana yake kwa Dzaleka

Kiswahili cha Dzaleka si kimoja. Kipo cha Kivu na Katanga, kipo cha Bujumbura, na kipo kilichojifunzwa katika kambi za Tanzania. Filamu na muziki kutoka Dar es Salaam huleta lahaja nyingine tena. Mtazamaji kijana hupima usemi wake kwa usemi anaousikia kwenye kioo. Kwa sababu hiyo, onyesho la filamu ni mojawapo ya mahali ambapo Kiswahili cha kambi kinasanifiwa bila mwalimu wala kamusi.

Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini, Lilongwe ikiwemo, warejee Dzaleka. Asiye huru kwenda mjini hutegemea burudani iliyopo karibu naye. Tamasha la Tumaini, lililoasisiwa mwaka 2014 na Menes La Plume, limethibitisha kwamba sanaa inaweza hata kuwavuta Wamalawi kuingia kambini.

Sheria ya Malawi ya udhibiti wa maonyesho ni ya mwaka 1968, mwaka uleule Kichewa kilipotangazwa kuwa lugha ya taifa. Udhibiti wa namna hiyo hukagua picha. Sauti ya msimulizi, inayoweza kuibadilisha filamu kila usiku, haina mahali ndani yake. Kwa upande mwingine, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019. Malawi ni mwanachama. Itakuwa kinaya iwapo Kiswahili kitaheshimiwa katika mikutano ya Lilongwe huku jamii inayokizungumza Dowa ikihesabiwa kuwa mzigo tu.

Hitimisho

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, usimulizi wa filamu kwa Kiswahili urekodiwe na kuhifadhiwa, kwa idhini ya wasimulizi, kabla simu za mkononi hazijaumaliza utazamaji wa pamoja. Pili, taasisi zinazoonyesha filamu za afya au elimu kwa wakimbizi ziwatumie wafasiri wanaotoka miongoni mwao, kwa kuwa sauti iliyorekodiwa mbali haijibu swali la mtazamaji. Tatu, mipango ya kufundisha Kiswahili nchini Malawi iwatambue wakazi wa Dzaleka kuwa hazina ya walimu na wafasiri. Gari la mwaka 1935 lilileta ujumbe uliokwisha kuamuliwa na kuondoka. Majumba na vibanda vilidumu kwa sababu watazamaji waliruhusiwa kusema.