Kuketi, Kutambaa, Kutembea: Tuliyofunzwa na Akina Mama wa Kokwet

Leo tunazungumzia hatua za ukuaji wa mtoto mdogo, na tutaanza na historia ya hapa kwetu Bonde la Ufa.

Mwaka wa 1957 madaktari Marcelle Geber na R.F.A. Dean waliandika kwamba watoto wachanga waliowapima Kampala, Uganda, walikuwa mbele ya watoto wa Ulaya katika kuinua kichwa, kuketi na kusimama. Wengine wakadhani mtoto Mwafrika amezaliwa hivyo tu, ni damu yake. Je, ni kweli?

Jibu lilipatikana Kokwet, kijiji cha Wakipsigis katika nyanda za juu, magharibi mwa Nakuru. Wakazi wake walilima mahindi na pareto na kufuga ng'ombe wa maziwa. Kati ya 1972 na 1975 watafiti wawili Wamarekani, Charles Super na mkewe Sara Harkness, waliishi huko wakitazama jinsi akina mama wanavyolea.

Waliona nini? Mtoto alipofika miezi mitano au sita, mama alimchimbia kishimo kidogo chini na kumketisha ndani, mgongo ukiegemea udongo, au akamzungushia blanketi. Alimshika kwapani na kumrusharusha mapajani. Baadaye alimshika mikono akamtembeza. Watoto hao waliketi na kutembea karibu mwezi mmoja mapema kuliko watoto wa Marekani. Lakini katika kutambaa hawakuwa mbele, kwa sababu hakuna aliyewafundisha. Kwa Wateso, ambako akina mama wengi walifundisha kutambaa, watoto walitambaa mapema. Kwa hiyo haikuwa damu peke yake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, hata miguu yake.

Sasa mama, tunajifunza mambo mawili.

La kwanza, usimlinganishe mtoto wako na wa jirani ukakosa usingizi. Mwaka wa 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya watoto zaidi ya 800 wenye afya kutoka Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Wengi waliketi bila kushikiliwa kati ya miezi 4 na 9, na kutembea peke yao kati ya miezi 8 na 18. Takriban watoto 4 kati ya 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, na hawakuwa wagonjwa.

La pili, kila hatua ina mwisho wake wa kungojewa. Usiseme tu, "Hata baba yake alichelewa." Mpeleke kliniki ukiona haya:

- Miezi 3: hatabasamu, hafuati uso wako kwa macho, au hashtuki kwa sauti kubwa.
- Miezi 4: shingo bado haijakaza.
- Miezi 9: hawezi kuketi bila kushikiliwa.
- Mwaka 1: haitiki jina lake, wala hatoi sauti kama "ba-ba" au "ma-ma".
- Miezi 18: hatembei.
- Miaka 2: haungi maneno mawili, kama "mama maji".

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, hesabu umri wake kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Kuna dalili zisizongoja umri. Mwili unakakamaa au ni mlegevu mno. Anatumia mkono mmoja tu kabla ya kufika mwaka. Alikuwa akifanya jambo, kama kuketi au kusema, kisha akaacha. Hapo usingoje siku ya kliniki, nenda upesi. Kuwa macho zaidi ikiwa mtoto alichelewa kulia alipozaliwa, alikuwa na umanjano mwingi, au aliugua homa ya uti wa mgongo au malaria kali. Magonjwa haya huweza kuumiza ubongo. Si uchawi, wala si laana ya ukoo. Usimfiche mtoto nyumbani. Ubongo wake ungali unakua, na mazoezi yakianza mapema humsaidia zaidi.

Akina mama wengi huacha kliniki baada ya chanjo ya surua ya miezi 9, wakati kutembea na kusema ndiyo kwanza kunaanza. Endelea hadi miaka mitano. Beba Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto, kinachotumika nchini tangu 2010, na umwombe muuguzi muangalie pamoja ukurasa wa hatua za ukuaji. Tangu 1984 pia kuna vituo vya elimu vya kupima watoto wenye mahitaji maalum, kliniki itakuelekeza.

Nyumbani, fanya kama akina mama wa Kokwet: mketishe, mrusharushe, mtembeze. Na uongeze maneno. Ukimwogesha au ukimlisha, zungumza naye, naye atajifunza kukujibu.