Kutoka Kafuro hadi Nyakatuntu: Kusoma na Kurudia Kusoma katika Historia ya Karagwe

Ikisiri

Makala haya yanajadili maana ya msomaji mzuri kwa kuzingatia historia ya usomaji katika nchi ya Karagwe, ambayo leo imegawanyika katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Hoja kuu ni kwamba huko kurudia kusoma hakukuwa anasa ya mwenye maktaba, bali njia ya kundi lenye kitabu kimoja. Inahitimishwa kwamba takwimu za kujua kusoma haziwezi, peke yake, kueleza ubora wa usomaji.

1. Utangulizi

Vladimir Nabokov, mwandishi mzaliwa wa Urusi aliyefundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, alishikilia kwamba msomaji mzuri ni yule anayerudia. Katika usomaji wa kwanza, alieleza, jicho hushughulika na mistari na akili hutaka kujua kilichotokea. Ni katika usomaji wa pili na wa tatu ndipo kazi huonekana kwa ukamilifu wake, kama picha inavyotazamwa ukutani. Mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1980, baada ya kifo chake.

Hoja hiyo ina uzito, lakini inamchukulia msomaji kuwa mtu mmoja, mwenye kitabu chake, utulivu wake na muda wake. Je, inasimamaje mahali ambapo kitabu kilikuwa kimoja, wasomaji wengi, na lugha ya kitabu si lugha ya nyumbani? Kata ya Nyakatuntu, iliyo katika Wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ni mahali pafaapo kuliulizia swali hili. Ni eneo la wakulima wa migomba, kahawa na maharage, ambako Kinyambo ndicho lugha ya nyumbani na Kiswahili ndicho lugha ya shule na ofisi. Historia ya usomaji wa eneo hili haiwezi kutenganishwa na ile ya Karagwe nzima na majirani zake.

2. Sikio lililozoea kurudia

Kabla ya kitabu palikuwa na utendi. M. M. Mulokozi, katika tasnifu yake ya mwaka 1986 kuhusu tendi za nanga za Wahaya, majirani wa Wanyambo, alionyesha kwamba tungo kama ule wa Rukiza zilikuwa sanaa iliyokomaa, yenye watunzi na hadhira zenye kuzifahamu kanuni zake. Hadhira hiyo haikukusanyika ili ijue mwisho wa kisa, kwa kuwa mwisho iliujua. Ilikuja kusikiliza namna kisa kitakavyosimuliwa safari hii: yeng alipopunguza, alipoongeza, alipokawia.

Hapa pana jambo ambalo nadharia nyingi za usomaji hulisahau. Tamaa ya kujua "kitakachofuata" si hali ya asili ya kila hadhira. Ni tabia inayojengwa na wingi wa vitabu vipya. Mwanahistoria Rolf Engelsing aliona badiliko kama hilo katika Ujerumani ya mwishoni mwa karne ya 18, pale wasomaji walipotoka katika kusoma maandiko machache mara nyingi na kuingia katika kusoma maandiko mengi mara moja. Karagwe iliipokea maandishi ikiwa na sikio ambalo tayari lilithamini marudio.

3. Kitabu kimoja, lugha ya jirani

Maandishi yalifika kwa njia ya biashara. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliweka kituo chao Kafuro, karibu na makao ya Mukama Rumanyika, yule aliyewapokea Speke na Grant mwaka 1861. Pamoja na nguo, shanga na pembe, njia hiyo ilipitisha barua na Kurani. Usomaji wa Kurani, kama ulivyojulikana kotekote katika ulimwengu wa Waswahili, ulijengwa juu ya marudio, na msamiati wa Kiswahili unalishuhudia hilo. Kitenzi "kukariri" kimetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kurudia, na "kudurusu" ni kupitia tena somo. Mtu hakuhesabiwa kuwa amesoma kwa kupitisha macho mara moja.

Wimbi la pili lilitoka Buganda. Huko neno "abasomi", yaani wasomaji, lilitumika kuwataja wafuasi wa dini mpya. Kusoma na kuamini vilitajwa kwa kitenzi kimoja. Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika mwaka 1896, na kabla ya wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani kufika Bukoba mwaka 1910, tayari upande huo wa ziwa ulikuwa na vikundi vidogo vya wasomaji Waprotestanti waliokisoma kitabu hicho bila mwalimu wa kigeni. Bengt Sundkler, aliyekuwa askofu Bukoba, aliandika kwa kirefu juu yao.

Kiganda kilikuwa lugha ya jirani: karibu kiasi cha kueleweka, mbali kiasi cha kutatiza. Kwa hali hiyo usomaji wa haraka haukuwezekana. Neno lilisomwa, likalinganishwa na neno la nyumbani, likajadiliwa, kisha sentensi ikasomwa upya. Ugumu wa lugha na uchache wa nakala, ambavyo kwa kawaida huhesabiwa kuwa vikwazo, ndivyo vilivyowalazimisha wasomaji kuwa warudiaji.

4. Miaka ya kuhesabu wasomaji

Baada ya uhuru, swali la usomaji liliingia katika mipango ya taifa. Mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima uliosimamiwa na UNESCO, ulioanza mwaka 1968 na kuwa na makao yake Mwanza, ulihusisha mikoa ya ziwa, ukiwamo Ziwa Magharibi, jina la Kagera wakati huo. Vitabu vyake vya kwanza vilihusu kazi za watu: pamba, migomba, uvuvi. Kisha ikaja kampeni ya kitaifa. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma na kuandika walipungua kutoka takribani asilimia 67 mwaka 1967 hadi 39 mwaka 1975, na kufikia 9.6 mwaka 1986.

Mafanikio hayo ni makubwa na hayapaswi kudharauliwa. Hata hivyo, jaribio la kitaifa lilipima kama mtu anaweza kusoma; halikupima kama atarudi kwenye kitabu kesho. Watekelezaji wenyewe waliitambua hatari ya watu kusahau kusoma, ndiyo maana mwaka 1974 gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho lilianzishwa katika Kanda ya Ziwa, na maktaba za vijijini zikafunguliwa.

Mfano unaofundisha zaidi ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowashirikisha watu wapatao milioni mbili. Kwa majuma 12 vikundi vilisikiliza redio, kisha sehemu ya kitabu ikasomwa kwa sauti, ikajadiliwa, na hatua ikaamuliwa: kuchimba choo, kuchemsha maji, kufyeka vichaka. Asiyejua herufi aliweza kumtaka msomaji arudie sentensi, na swali lake likamlazimisha mjuzi wa herufi kuitazama upya. Katika mfumo huo usomaji mzuri haukuwa sifa ya mtu mmoja; ulikuwa kazi iliyogawanywa.

5. Mfasiri kama msomaji

Kutoka kisiwa cha Ukerewe unapatikana ushahidi wa aina nyingine. Aniceti Kitereza aliikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe katikati ya miaka ya 1940, akakosa mchapishaji, na hatimaye akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ilitolewa na Tanzania Publishing House kwa tarehe ya mwaka 1980. Mwandishi alifariki mwaka 1981. Kutafsiri ni kurudia kusoma kwa namna iliyo ngumu kuliko zote, kwani hakuna neno linaloweza kurukwa.

Kikerewe, Kihaya na Kinyambo ni lugha ndugu. Mnyambo anayeisoma riwaya hiyo kwa Kiswahili aweza, nyuma ya maneno ya Kiswahili, kusikia salamu, vyakula na desturi zinazofanana na za kwao. Usomaji wa kwanza humpa kisa cha ndoa iliyokosa mtoto. Wa pili humpa lugha iliyofichika chini ya lugha.

6. Kukariri si kurudia

Yawezekana kupinga kwamba marudio huzaa kasuku. Pingamizi hilo ni la haki, na jibu lake limo katika kutofautisha vitenzi viwili. Anayekariri, kwa maana ya leo, hutaka jibu lilelile litoke bila kubadilika. Anayerudia huja na swali ambalo hakuwa nalo mara ya kwanza. Vikundi vya wasomaji wa Biblia ya Kiganda na vya Mtu ni Afya vilikingwa na ukasuku kwa kuwapo kwa mwenzao aliyeuliza.

Kinga hiyo ndiyo inayopungua leo. Mwanafunzi wa sekondari, Nyakatuntu kama kwingineko nchini, anaweza kuujibu mtihani wa fasihi kwa kusoma mwongozo wenye muhtasari, dhamira na orodha ya wahusika, bila kuifungua riwaya. Huyo hajarudia kusoma, kwa sababu hajasoma bado.

7. Hitimisho

Historia ya Karagwe inamthibitisha Nabokov na kumsahihisha. Ni kweli kwamba msomaji mzuri hurudia. Lakini marudio hayakuhitaji maktaba ya binafsi wala upweke. Yalihitaji kitabu, sauti, na mtu wa kuuliza. Hata shule yenye nakala moja ya riwaya teule kwa wanafunzi wengi ina vitu hivyo vitatu ikiwa mwalimu ataruhusu nakala hiyo isomwe kwa sauti, ikatizwe kwa maswali, na kuanzwa tena. Uhaba wa vitabu unapaswa kuondolewa. Njia iliyobuniwa ndani ya uhaba huo haistahili kuondolewa pamoja nao.