Mmea Hupumua Hata Mchana

Wengi huamini mmea hutengeneza chakula mchana na kupumua usiku. Kosa linatokana na neno upumuaji, linalotukumbusha mapafu. Katika seli, ya mgomba au ya mbuzi, upumuaji ni kuvunja glukosi kwa oksijeni ili kupata nishati, kazi ya mitokondria usiku na mchana. Mgomba hujitengenezea glukosi kwa usanisinuru ndani ya kloroplasti. Mbuzi huipata kwa kula majani. Atapinga mtu kwamba mchana majani hutoa oksijeni. Kweli, lakini ni kwa sababu usanisinuru huizalisha zaidi kuliko inavyotumika, wala upumuaji haujasimama. Mizizi, isiyoona jua, hutegemea oksijeni ya udongoni. Shamba likituama maji, mizizi hukosa pumzi. Neno tulibakize, ila waandishi wa vitabu vya shule waandike “upumuaji wa seli”.