Jenerali China na Kadi Alizobaki Nazo

Guka alinifundisha kadi kabla sijajua kusoma vizuri. Tulicheza nyuma ya kibanda chake pale Karatina, siku zisizo za soko. Ni ule mchezo ambao wengi wetu Kenya huuita poka, ingawa poka ya Wamarekani ni kitu kingine kabisa. Nilipopata kadi za adhabu, zile za kumlazimisha mwenzako aokote, nilijiona nimeshashinda. Guka alikuwa akicheka tu. “Hizo zinaumiza, kijana, lakini hazimalizi mchezo.” Na kweli, kwa sheria zetu huwezi kumaliza na kadi ya adhabu.

Poka yenyewe niliijua baadaye, nikiwa chuoni. Kilichonisumbua si kupata kadi mbaya. Ni kupata kadi kali huku umekaa mahali pa kusema kwanza. Unasema, mwenzako anasikia, halafu yeye ndiye anayeamua. Akiwa ni mtu wa kupandisha dau kila mara, unabanwa. Ukipandisha, anaweza kukurudishia mara tatu. Ukitupa kadi, umetupa mali. Wazoefu walinishauri hivi: nyamaza, mwache yeye aweke pesa, na usiache dau likue kuliko unavyoweza kubeba.

Niliposikia hayo nilimkumbuka mtu ambaye guka hakupenda kumtaja: Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China.

Itote alizaliwa Nyeri mwaka 1922. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa askari wa King's African Rifles na akapigana Burma. Mau Mau ilipoingia msituni, yeye ndiye aliyeongoza wapiganaji wa Mlima Kenya, huku Dedan Kimathi na Stanley Mathenge wakiwa upande wa Nyandarua. Januari 15, 1954, alipigwa risasi shingoni na kukamatwa.

Hebu tazama meza ilivyokuwa. Kadi zake zilikuwa kali: aliwajua makamanda, alijua njia za chakula na risasi, na neno lake lilikuwa na uzito kwa maelfu ya vijana msituni. Lakini alikuwa amefungwa, ana jeraha, na mbele yake ameketi Ian Henderson, afisa wa polisi aliyekulia Kenya na kukijua Kikuyu vizuri. Mahojiano yalichukua saa 68. Baada ya hapo alishtakiwa papo hapo Nyeri, kwa kushirikiana na watu wenye silaha na kwa kukutwa na risasi mbili. Risasi mbili tu! Chini ya sheria za Hali ya Hatari, zilitosha kumpeleka kwenye kitanzi. Februari alihukumiwa kifo.

Hapo angeweza kutupa kadi zote na kufa kimya. Wengi walifanya hivyo, na tunawaheshimu. China hakufanya hivyo. Alizungumza. Alieleza mengi kuhusu jeshi lake, kisha akakubali kuwaandikia barua viongozi wenzake msituni ili wafikirie kuweka silaha chini. Serikali ikaona kuwa akiwa hai ana faida kuliko akiwa maiti. Mwezi Machi, Gavana Evelyn Baring akabadilisha hukumu ya kifo kuwa kifungo, walowezi wakalalamika sana. Machi 30, wajumbe wa msituni na wa serikali walikutana Nyeri.

Halafu, Aprili 7, askari wa serikali wakapambana na kundi la wapiganaji wakati mpango wa kujisalimisha bado unaendelea. Watu 25 wa msituni waliuawa. Waliosalia wakarudi mlimani, na mazungumzo yakafa. Kabla mwezi haujaisha, Operesheni Anvil ilikuwa imeanza Nairobi.

Hapa ndipo guka alipokuwa akinyamaza. Kaka yake mkubwa alikuwa msituni, upande wa mlima, na hakurudi. Hatukujua alikufa mwezi gani. Guka alijiuliza maisha yake yote kama kaka yake aliitikia zile barua akatoka, au kama alikataa akabaki. Kwa hiyo, kila mtu alipomwita China msaliti, guka hakubisha. Na kila mtu alipomwita shujaa, hakuitikia.

Mimi nimefikia hapa: China hakucheza vibaya. Alikuwa na kadi kali mahali pabaya, akapunguza dau hadi akapata uhai wake. Lakini dau lililobaki mezani halikuwa lake peke yake. Waliolilipa walikuwa msituni, hawakuuona mkono wake, na aliyesema mwisho alikuwa mwenye bunduki nyingi zaidi. Poka haina kitu kama hicho. Kule unapoteza pesa zako mwenyewe.

China alipelekwa Lokitaung, ambako Jomo Kenyatta, mfungwa mwenzake, alimfundisha Kiingereza. Alitoka mwaka 1962, akawa kiongozi katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, akaandika kumbukumbu zake, na akafariki 1993.

Siku moja nilimuuliza guka waziwazi: ungekuwa wewe, ungefanyaje? Alizipanga kadi zake polepole, akazilaza kifudifudi mezani.

“Mimi ningetaka kwanza kujua,” alisema, “ni nani mwingine anacheza na pesa zangu.”