Herufi za Kinyume: John Muafangejo na Mtambo wa Oniipa

Katika chumba kimoja kidogo cha maonyesho mjini Windhoek, ambamo watu ishirini wakiingia pamoja hawana budi kupishana kwa mabega, zimetundikwa chapa nyeusi na nyeupe za John Muafangejo. Na mgeni aliyezoea picha za rangi aghalabu huzipita upesi, akidhani ameona kazi ya mtoto, hata jicho lake linaswe na maneno, maana msanii huyu alikuwa akizijaza pembe za picha zake sentensi za Kiingereza alichojitungia mwenyewe, mithili ya mtu aandikaye barua ndefu katika karatasi haba.

Kazi ya namna hii huanza na kipande cha linoleamu, kitandiko kile cha sakafu kilichotengenezwa kwa mafuta ya kitani na unga wa kizibo. Mchongaji hukikwangua mahali panapotakiwa kubaki peupe, hupaka wino kwa rola, kisha hukilazia karatasi. Na maadamu chapa hutoka kinyume, kila herufi sharti ichongwe kinyumenyume, kama zichongwavyo herufi za muhuri. Kisu kikiteleza, hakuna kifutio.

Muafangejo alizaliwa tarehe 5 Oktoba 1943 huko Etunda lo Nghadi, kusini mwa Angola, Mkwanyama kwa kabila. Baba alipofariki, mama alivuka mpaka kuingia Namibia, naye akamfuata. Akalelewa katika misheni za Kianglikana, na kuanzia 1967 hadi 1969 alisoma Rorke's Drift, Afrika Kusini, katika shule ya sanaa iliyoasisiwa na Waswidi wawili, Peder na Ulla Gowenius. Orde Levinson, aliyezikusanya chapa zake katika kitabu mwaka 1992, ameyaeleza hayo kwa mapana. Mimi nataka kusimama Oniipa.

Tarehe 21 Juni 1971 Mahakama ya Kimataifa ilitoa rai kwamba Afrika Kusini imo Namibia pasipo haki ya sheria. Haukupita muda mrefu, viongozi wawili wa makanisa ya Kilutheri, Leonard Auala na Paulus Gowaseb, walimwandikia Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, John Vorster, barua ya wazi, wakimkabili kwa adabu, lakini bila kuuma maneno, juu ya dhuluma iliyowapata watu wao. Kanisa la Auala lilikuwa na mtambo wake wa uchapaji pale Oniipa, kaskazini ya nchi, uliochapa gazeti la Omukwetu katika lugha ya wenyeji. Na serikali inayoishi kwa kunyamazisha watu haina adui inayemkirihi zaidi ya mtambo kama huo. Tarehe 11 Mei 1973 ukalipuliwa. Waumini hawakukaa matanga: waliujenga upya, na mwaka 1975 ukafunguliwa kwa shangwe.

Shangwe hiyo ndiyo aliyoichonga Muafangejo, ingawa yeye hakuwa Mlutheri, na ingawa Waanglikana nao walikuwa na msiba wao, kwani maaskofu wao Robert Mize, Colin Winter na Richard Wood walifukuzwa nchini mmoja baada ya mwingine, 1968, 1972 na 1975. Namwona mtu mwenye kisu na kipande cha sakafu akiusifu mtambo wa chuma, fundi kwa fundi, akijua kwamba kazi yao ni moja. Mtambo wa Oniipa ulilipuliwa tena mwaka 1980. Lakini chapa hutoka nakala kwa nakala, na baruti haiwezi kuzifuata kila nyumba zilikotundikwa.

Nasikitika kwamba sisi Watanzania, tuliowapa wapigania uhuru wa Namibia, SWAPO, ofisi Dar es Salaam na kambi Kongwa, tuliojua kwa ghibu majina ya makamanda wao, hatukujishughulisha kumjua mtu huyu aliyekuwa akiandika tarikhi ya nchi ile kwa kisu katika miaka iyo hiyo. Windhoek kwenyewe kuna kituo cha sanaa chenye jina lake, tangu 1994.

Muafangejo alifariki ghafla Katutura, kitongoji cha Windhoek, tarehe 27 Novemba 1987, akiwa na umri wa miaka 44. Bendera ya Namibia huru ilipandishwa tarehe 21 Machi 1990.